Mikono ya Gesi

Nianze na kosa langu: lile bawa.
Nililinunua Julai, dola sitini, kwa mtu wa Prince Albert
aliyeapa kwamba liling'olewa kwenye gari la mashindano.
Nikalifunga kwa boliti juu ya buti la Buick yetu,
gari la miaka kumi na tisa, lenye kikohozi,
likifika kilomita tisini hutetemeka kama mwenye homa.
Watoto wa Mtaa wa H walipiga miluzi.
Nikavimba kichwa.

Springi hazikupiga miluzi.
Ziliumbwa kubeba kifuniko,
si kifuniko pamoja na majivuno.
Kufika Septemba ukifungua buti, kifuniko kinapanda,
kinasita, kinakutazama,
halafu kinashuka.

Mwanakheri hakusema kitu.
Aliokota gongo la hoki lililovunjika nyuma ya uwanja wa barafu,
akalifanya nguzo.
Kila Jumamosi asubuhi, hapo sokoni Saskatoon,
alipanga sambusa zake chini ya gongo lile,
za nyama kushoto, za dengu kulia,
chupa ya pilipili ya ndimu katikati,
na wateja wakainama kuchagua
kama watu wanaochungulia kisima.

Siku ile gongo liliteleza.
Sikuwapo. Nilikuwa nimelala,
nimetoka zamu ya usiku kwenye ghala la ngano.
Nilichokiona ni uvimbe juu ya jicho, mkubwa kama kunazi,
na yeye ameketi anahesabu chenji.
"Nani?" nikauliza, mjinga mimi,
kana kwamba kuna mtu wa kwenda kupigana naye.
"Bawa lako," akasema. "Limejifunza kuruka."

Jumapili nikabisha kwa jirani, Orest Hrynkiw,
mstaafu wa reli, mwenye spana za kila namba isipokuwa kumi na tatu.
Tukaanza na springi.
Usidhani springi kuukuu ni kitu kilichochoka.
Ni chuma kilichokunjwa miaka kumi na tisa,
kimebana meno gizani nyuma ya viti,
hakijamwambia mtu.
Orest akaifunga kwa mnyororo wa mbwa,
akaniambia nisimame kando. Kando zaidi.
Ilipoachia ndoano yake
ilipiga bati la gereji mlio mmoja tu,
na mbwa hakutoka chini ya meza mpaka jioni.
Nikamkumbuka Mwanakheri,
na kimya chake cha tangu Julai.

Mikono ya gesi ilikuja katika sanduku jembamba:
miwili, myeusi,
vyuma vyake vya ndani vinang'aa kama vijiko vya mgeni.
Mara ya kwanza tulikosea matundu, kifuniko kikagoma kufunga.
Mara ya pili bawaba ikapinda.
Orest alilaani kwa Kiukraini, mimi kwa Kimvita,
tukaelewana.
Mara ya tatu tukapima kwa uzi,
tukasogeza vidole vitatu mbele, tukatoboa.
Nikabonyeza kitufe.
Kifuniko kilipanda chenyewe, bila haraka, bila neno,
kwa pumzi ile anayoivuta mtu
kabla hajaamua kusamehe.

Bawa likiwa juu yake.
Sikulitoa. Usiniulize.

Januari ilipofika, hasi thelathini na mbili,
gesi nayo ilijikunyata ndani ya bomba lake,
na kifuniko kikawa kinashuka polepole
kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.
Kwa hiyo gongo la hoki bado tunalo,
limelala kando ya tairi la akiba.

Sasa ni Mei, jua limetoka, gesi ina nguvu zake.
Jumamosi hii sikulala. Nilisimama upande wa pili wa barabara
nikamtazama akifungua.
Mkono wa kulia unapanga sambusa.
Wa kushoto umepanda juu ya kichwa, kiganja wazi,
unasubiri kitu ambacho hakishuki tena.
Hajui kwamba anafanya hivyo.
Nimemuuliza Orest.
Amepekua sanduku lake lote,
akatikisa kichwa.