Mnyama wa Leida

Ukurasa wa arobaini na moja, Leida, uliandika:
"Akatokea. Hata theluji ilinyamaza."
Basi. Hukutaja pembe, hukutaja mkia,
ukatuachia weupe wa karatasi,
nami, mchonga vikaragosi wa Tartu,
nina patasi, gundi, na wiki sita.

Wale wa filamu walimpa mabawa.
Walimpa moto kinywani na ngurumo
iliyomwaga bisi mapajani mwa watoto.
Binti yako Maret alitoka kabla taa hazijawaka,
koti begani, akitamka kwa Kiestonia
neno ambalo sitaliandika hapa.

Sasa amekuja karakanani kwangu,
amekalia gogo la msonobari,
kakipakata kitabu chako kama mtoto mwenye homa.
"Usimwongezee kitu," anasema.
Nisipomwongezea kitu, Maret,
nitaning'iniza nini kwenye nyuzi? Nukta?
Neno husimama bila uti wa mgongo.
Kikaragosi, ukikosea kiwiko,
huanguka mbele za watu.

Nguo ya kuazima haisitiri makalio:
nimeivaa kazi hii, inanibana kwapani.

Nyuso tisa nimechonga.
Ya kwanza mbwa mwitu, ya nne kama kasisi,
ya saba (Priidu aliililia) nzuri mno,
na uzuri ule ulikuwa wangu, si wako.
Zote nimezitia jikoni. Zimetuchemshia chai.

Ni katika chai hiyo, siku ya kumi na tisa,
Maret akasema, kama anayeongea na kikombe:
mama alikuwa akichungulia dirishani
mbwa wa jirani, kizee, mguu wa nyuma mbovu,
akivuka barafu ya mto kila alfajiri.
Anafika katikati, anasimama,
kama aliyesahau alichofuata.
Na mama anaweka kalamu chini.

Kumbe nawe uliazima.

Sikuchonga uso tena.
Kichwa ni kipande cha mti, na magome yake.
Uzi wa mguu wa kulia nimeupunguza
kwa vidole viwili.
Usiku wa kwanza akatokea, akachechemea,
akasimama katikati ya jukwaa.
Safu ya pili mtoto alianza kukohoa, akajizuia.

Maret hakupiga makofi.
Alinisubiri mlangoni, akijifunga skafu,
macho mekundu.
"Mguu mbovu," akaniambia,
"ulikuwa wa kushoto."