Nusu Saa ya Maji

Hapa Birkat al-Mauz nusu saa ya maji huitwa athari.
Zamani waliipima kwa kivuli cha kijiti,
siku hizi Muhanna anaipima kwa simu.
Zamu ikifika anang'oa jiwe lililofungwa matambara,
falaji inageuka, inaingia mitendeni kwa Bi Thuraya.

Mimi nafasiri hati za mirathi,
Kiarabu kuja Kiswahili, za watu wa Unguja na Pemba.
Mezani nina saa ya jikoni, umbo la ndimu.
Naizungusha dakika ishirini na tano;
ikilia, niache. Hilo ndilo sharti.

Nami siachi.
Sentensi hii tu, nasema. Kisha hii.
Jana shingo ilikauka kama kuni,
chai ikafanya utando,
na palipo "mjane" nikaandika "mjomba",
shamba zima likaenda kwa asiyehusika.

Leo imelia, nimetoka nimenuna,
nikatia miguu mferejini.
Muhanna alikuwa kwenye mitende yake mwenyewe.
Wa mwisho, wa khalasi, ulikuwa bado mkavu,
maji yamebakisha hatua tatu kuufikia.
Simu ikalia.
Akarudisha jiwe.
Hata hakuutazama ule mti.

"Si ungengoja kidogo?"

Akajifuta mikono kwenye wizari.
"Hicho kidogo kina mwenyewe."

Dakika zangu tano zikaisha.
Nikarudi ndani, miguu ikichuruzika sakafuni,
nikaizungusha ndimu,
nikaanza kumtafuta yule mjane.