Saba Isiyo na Mstari

Bwana Fecteau alivua viatu mlangoni,
nikamhesabia hilo kuwa jema.
Akapima sebule kwa kijitaa chekundu,
akasema, "Asilimia tano, Bi Thibodeau,
na hutanyanyua hata kidole."

Alipoondoka nikatoa penseli.
Laki mbili na themanini elfu,
mara tano, gawa kwa mia:
elfu kumi na nne.
Elfu kumi na nne ni paa jipya.
Ni mshahara wangu wa posta, mwaka aliozaliwa Luc,
na chenji ikabaki.

Dalali anauza maneno, nikajiambia,
na maneno ninayo.
Miaka thelathini na moja dirishani
nimepima vifurushi vya Rimouski nzima,
nishindwe kuipima nyumba yangu?
Kizuri chajiuza.
Nikang'oa mlango wa kabati bovu,
nikachovya brashi katika rangi iliyobaki ya madirisha:
INAUZWA NA MWENYEWE,
na namba ya simu chini.
Nikausimika mbele, kwenye theluji iliyoanza kulegea.

Wiki mbili, simu kimya.
Nikaanza kuitazama nyumba kwa macho ya mgeni:
ufa juu ya jiko,
ngazi ya tatu inayolia,
zulia ambalo hakuna aliyewahi kulipenda, hata aliyelinunua.
Kibaya chajitembeza,
methali ikanigeuzia ubavu wake wa pili.

Nikajaribu kuitamka bei mbele ya kioo.
Laki mbili na...
Sauti ikashuka ngazi, ikakwama chumba cha chini,
pale Réjean alipochora kwa mkaa ukutani
kimo cha maji ya kila Aprili
kama wengine wanavyochora vimo vya watoto.
Hapo nikaelewa asilimia tano ni ya nini:
ni ujira wa mtu awezaye kutaja bei yako
bila koo kumkauka.

Jumanne, simu.
"Samahani, bibi. Naitwa Ovila Bérubé, niko Matane.
Nyumba yako ina vyumba vingapi vya kulala?"
"Vitatu. Utakuja kuiona lini?"
"Siji. Ila watu wananipigia mimi.
Nadhani saba yako haina mstari, wanaisoma moja.
Nimejaribu kugeuza kila moja kuwa saba;
wewe ni wa tatu kupokea."

Wamepiga kumi na mmoja, akasema.
Watatu wa kwanza aliwaambia wamekosea.
Wa nne alikuwa na sauti ya upole,
akaona haya kumkatia,
akamwambia asubuhi nyumba inapata jua.
"Je, inapata?"
"Jikoni," nikasema. "Jikoni inapata."
"Afadhali. Nimewaambia wote."

Majina ameyaandika nyuma ya kalenda.
Desrosiers na mkewe, Jumamosi, saa nane mchana.
Mwamba ngoma huvutia kwake,
na huyu anavutia kwangu
ngoma asiyowahi hata kuiona.

Nikamweleza habari ya maji, hadi alama za mkaa.
Alikaa kimya, nikasikia redio yake.
"Hilo," akasema, "tungeliacha
mpaka wawe wameshaona jikoni."
Tungeliacha. Sisi.
"Mficha uchi hazai," nikamjibu.
"Nitawaanzishia chini, kisha tupande na jua."
"Mh. Na bei?"

Nikaitaja.
Nikamtajia Ovila Bérubé, mtu nisiyemjua sura,
laki mbili na themanini elfu,
kwa pumzi moja, macho kwenye ule ufa.

"Haya," akasema.
"Sasa irudie, na usikimbie."