Akiba Huoza

Saa nane usiku, Kutaisi, theluji juu ya mabomba ya gesi,
Nazibrola akanipigia simu, hata salamu hakutoa:
"Damu ipo. Majina hayapo. Njoo."

Nikaja na koti juu ya nguo za kulalia.
Friji za benki ya damu zilikuwa zikiguna kama kawaida,
digrii nne, taa ya kijani, hazina habari.
Seva ndiyo iliyogoma.

Nikabisha hodi.
Hodi ya kwanza: kimya, sekunde thelathini, muda umekwisha.
Hodi ya pili: jibu, na afadhali kimya.
Nafasi zimejaa, hapokelewi mgeni.
Sisi wa kazi hii hatuna adabu ya kuondoka baada ya hodi tatu;
nikapita mlango wa nyuma, ule wa msimamizi,
anayeachiwa kiti kimoja daima.

Ndani, vipindi mia moja vimepanga foleni
kama wazee wa ofisi ya pensheni,
kila kimoja kikitazama kisogo cha mwenzake.
Nikaifuata foleni hadi kichwani.
Kichwani alikaa Jujuna.

Jujuna aliyestaafu Septemba.
Tulimkatia keki ya jozi, tukalia, tukampa saa ya ukutani.
Kompyuta yake ilibaki stoo, nyuma ya maboksi ya glovu,
skrini nyeusi, moyo bado unapiga:
siku mia na tatu, kipindi wazi,
alianza kurekebisha jina moja la mchangiaji
na hakubonyeza "thibitisha".
Usiku huu sasisho jipya lilitaka jedwali zima;
likasimama nyuma ya Jujuna,
na hospitali zote za mji nyuma yake.

Nikakiua kipindi. Amri ya mstari mmoja.
"Samahani, mama," nikasema kwa sauti. Nazibrola akageuka.

Foleni ikavunjika, na jedwali likavunjika nayo:
diski ilikuwa imejaa hadi kooni,
maana kipindi kisichofungwa huwazuia hata wafagiaji,
na kurasa za mwisho zimeandikwa nusu nusu.

Basi, turejeshe nakala ya akiba.
Akiba haiozi, ndivyo tulivyoambiwa.
Nikafungua ya Jumapili: baiti sifuri.
Ya Jumamosi: sifuri.
Ya Ijumaa: sifuri, na ubavuni mwake ripoti
yenye herufi za kijani: "imefanikiwa".
Ripoti hiyo niliisoma kila asubuhi na chai.
Hata mara moja sikufunua chungu
nione kama kuna kitu ndani.

Ya Alhamisi ilikuwa na uzito.
Nikairejesha kwenye mashine ya pembeni, si juu ya ile iliyokufa;
hilo nilijifunza mwaka mwingine, kwa machozi mengine.
Asilimia kumi.
Asilimia kumi na moja.
Otia mlinzi akaleta mkate wa jibini, akauliza mgonjwa ameamka?
"Ameamka, lakini anadhani ni Alhamisi."
"Bahati yake," akasema Otia. "Mimi Alhamisi nilikuwa na meno mawili zaidi."

Kutoka Alhamisi hadi usiku huu: mifuko sitini na mmoja.
Nazibrola akafungua friji,
akanisomea lebo moja moja, baridi ikimpanda viganjani,
nami nikaandika kundi, tarehe, jina.
Tsiala, O hasi. Badri, A chanya. Badri mwingine.
Ndugu wawili wa Tskaltubo waliokuja pamoja,
mmoja akazimia kabla ya sindano;
hilo lebo haisemi, Nazibrola anakumbuka.

Mfuko wa arobaini na nane, wino umefutika.
Akaugeuza kwenye mwanga. Akaugeuza tena.
Damu nzuri, ya mtu fulani wa mji huu
aliyekunja mkono wa shati, akanywa juisi yake, akaenda zake
akijua ametoa.
Akauweka rafu ya chini, peke yake.
"Wa arobaini na tisa," akasema.