Magamba Mia Tatu na Kumi

Ghorofa ya nne, Ngara, juu ya duka la vipuri,
mimi na Mutheu tunamzaa kakakuona.
Hatujawahi kumwona.
Jina lake lenyewe linatucheka.
Tuna picha saba, na mkia mmoja
niliougusa kwenye droo ya makumbusho
mlinzi alipogeuka kupokea simu.
Ulikuwa baridi, kama sufuria iliyolala nje.

Nilianza na kucha,
maana mnyama hujulikana kwa anachochimbia riziki.
Kisha ulimi, mrefu kuliko maneno ya mdeni.
Kisha magamba, moja moja, usiku;
stima ikipotea tunakaa gizani tukihesabu kwa vidole,
ikirudi, kompyuta inaamka imesahau kila kitu.
Mia tatu na kumi.

Sauti ilitusumbua. Huyu hana la kusema.
Mutheu akatia vizibo vya soda kwenye kopo la majani ya chai,
akalitikisa polepole karibu na kinasasauti:
chwa, chwa, chwa,
naam, akapita mzee mfupi mwenye koti la mabati.

Jumatatu akaja Ombima, mwenye fedha, na kalamu nyekundu.
“Macho, ongeza. Watoto wanapenda macho.
Tabasamu, weka. Na haya magamba, jamani,
mashine inalemewa. Bakisha arubaini.”

Nikaketi. Nikabofya. Likatoka.
Nikabofya. Likatoka.
Kufika la sitini mkono haukuwa wangu tena,
ulikuwa wa mtu fulani msituni, tochi mdomoni,
gunia begani, bei kichwani.
Naye, pengine, ana karo ya kulipa.
Nikabofya kurudi nyuma, kurudi nyuma,
magamba yakaota upya mgongoni.
Kitufe hicho msitu hauna.

Ombima alinuna siku mbili.
Ili mashine ipumue, tukakata miti ya nyuma.
Ndiyo. Najua.

Ijumaa tulimpeleka kwa darasa la tatu, Kariobangi.
Walicheka alipojiviringa mpira.
Walitoka nje wakitembea chwa, chwa, chwa,
mikono imekunjwa kifuani, migongo imepinda.
Akabaki Nasambu, mwenye soksi moja,
akauliza kama yupo kweli
au ni sisi tuliomtunga.

Nikasema yupo.

“Ulimwona wapi?”

Mutheu alikuwa anakunja waya wa projekta.
Aliukunja, akaukunjua,
akaukunja tena.