Madumu Mia Nne Jukwaani

Uwanja mtupu ni mwongo.
Nilisimama katikati ya nyasi, Tononoka, saa nne asubuhi,
simu mkononi, vijiti vyote vinne vimejaa,
na mkandarasi akapiga makofi: kazi imekwisha, Injinia Mghoi.
Haijaanza, nikamwambia.
Mtu ni maji, na maji hula mawimbi.
Waje elfu kumi na mbili, kila mmoja na maji yake mwilini,
ndipo tuone hivyo vijiti vitasimama wapi.

Alitaka mlingoti mmoja nyuma ya goli,
antena juu kama spika ya kampeni,
iusemeshe uwanja mzima kwa mkupuo.
Nikamuuliza: umewahi kufika arusini Majengo
tukiwa mia, sote twasema pamoja?
Anayepaza sauti hasikiki zaidi,
anawalazimisha wenziwe nao wapaze,
mwisho hata jina la bibi arusi hulipati.
Simu zina adabu kuliko sisi.
Kila moja husikiliza kwanza; ikikuta nyingine yasema, hungoja.
Sasa elfu kumi na mbili zikisikiana zote,
zote zitangoja,
na goli litafungwa, litashangiliwa, litasahauliwa,
picha ingali inazunguka kiduara.

Basi mimi nikachora minong'ono.
Antena ndogo mia na themanini chini ya viti,
kila moja isemeshe magoti ya jirani
isivuke safu ya tano.
Nguvu nikapunguza. Nikapunguza tena,
mkandarasi akinitazama kama mpishi anayetoa nyama chunguni.
Zege wanalolilaani wenzangu, mimi nililishukuru:
ukuta mwema ni ule usiopitisha siri ya jirani.
Na kila kisanduku nikakiziba kwa mpira na grisi,
maana chumvi ya mji huu haiulizi bei ya kifaa.

Lakini hesabu ni hesabu tu. Nilitaka watu.
Nikampigia Tsuma, muuza maji wa Kaloleni:
niletee madumu mia nne, yaliyojaa.
Mikokoteni ikapanga foleni getini hadi askari akashuku kuna mkasa.
Mtu mzima ni madumu mawili na ushei;
tukayakaza mawili mawili kitini, jukwaa la mashariki,
mashabiki mia mbili, hakuna aliyetukana refa.
Tsuma akacheka hadi akakaa chini.
"Hawa ni wa timu gani?"
Huoni rangi yao? Wa manjano.

Vijiti vikaanguka. Vitatu. Kimoja.
Safu ya kumi na tatu, kimya kama kaburini.
Sikuhuzunika; nilifurahi
kama daktari aliyeugusa uvimbe hatimaye.
Tukahamisha antena kumi na moja, tukapima, tukahamisha mbili tena.
Jioni maji yaleyale yakauzwa mitaani.
Kuna nyumba walipikia wali kwa mashabiki wangu.

Siku ya mechi sikuona mechi.
Nilikuwa chumba cha chini ya ngazi, pangaboi likilalamika,
macho kwenye mstari mmoja wa kijani.
Dakika ya sabini na moja zege likatetemeka juu yangu,
vumbi likadondoka kwenye chai,
na mstari ukapanda.
Si watu wanaopokea, ni watu wanaotuma,
kila mmoja akilirusha goli lilelile nje ya uwanja
kwa mama, kwa mdeni, kwa mpenzi aliyemkasirikia.
Ukapanda. Nikashika meza.
Haukukatika.

Kisha simu yangu ikawaka: uso wa Tsuma, jasho tupu,
nyuma yake mikono, bendera, kofia ya mtu hewani,
na picha haikuganda hata nukta.
"Injinia! Waniona? Safu ya kumi na tatu!
Mimi ndiye dumu!"
Nikamuuliza nani kafunga.
Hakunisikia. Kelele.