Chini ya Mahubiri

Redio yetu ilizaliwa juu ya duka la misumari,
Kadutu, ngazi kumi na tisa, ya kumi na mbili imevunjika.
Kuta tulizivika trei za mayai ili mvua isiingie hewani.
Iliingia tu. Msikilizaji wa Bagira
alijua kwetu kunanyesha kabla hajaona wingu.

Cirhuza aliunda mtambo kwa vyuma vya meli iliyofia bandarini
na betri mbili za lori. Moja ilikuwa ya kuazima;
mwenye nayo alikuja kuidai katikati ya taarifa ya saa moja.
Hiyo ndiyo mara yetu ya kwanza kunyamaza.
Mara ya pili walikuja wenye buti.
"Kitufe cha kuzima kiko wapi?"
Cirhuza akawaonyesha kile cha feni.
Wakakizima, wakaondoka wameridhika,
na mji mzima ukasikia nyayo zao zikishuka,
kisha ile ngazi ya kumi na mbili,
kisha tusi.

Kaseti zilikuwa sita. Sita kwa mji wote.
Basi tulirekodi juu ya tuliyokwisha kurekodi:
harusi juu ya bei ya sambaza,
mpira juu ya harusi,
vifo juu ya mpira. Vifo vililipa,
franga kwa kila jina, na jamaa walitaka yote,
shemeji wa Uvira, binamu wa Shabunda,
hadi wajukuu ambao hawajazaliwa.
Mama Nsimire aliyasoma bila kukosea pumzi.
Nyumbani alilia akikata vitunguu
hata siku zisizo na vitunguu.

Kisha ikaja televisheni, upande wa Nyawera:
kamera moja, shuka la bluu nyuma ya msomaji.
Vijana wakatuhama. Walitaka kuonekana,
nasi tulikuwa na uso gani?
Lakini umeme ulipokatika Ibanda nzima
walirudi kwetu gizani na redio za baba zao,
wakizing'ata betri kidogo ili zikumbuke kazi.

Sasa amekuja mwanafunzi wa chuo kikuu, Namwezi,
na kompyuta yake. Anatafuta kumbukumbu za mji.
Nimempa kaseti sita ndani ya mfuko wa sukari.
Ya nne ni mahubiri:
mchungaji anamfukuza shetani dakika arobaini na tatu
na shetani haonyeshi haraka.
Namwezi anataka kuruka mbele. Namwambia, ngoja.

Mwaka ule watu walipopanda mlima na magodoro kichwani
vilivyopotea vililetwa kwetu:
funguo, vyeti, mbuzi mwenye kengele,
sufuria ya maharage bado ya moto.
Nami nililetwa, kwa mkono, na muuza mkaa.
Nsimire alinitangaza siku tisa, baada ya mbuzi.
Mbuzi alidaiwa na mwenyewe siku ya kwanza.
Siku ya kumi Nsimire alifungua daftari la vitu,
mbele ya namba yangu akaandika "kimechukuliwa",
akasaini yeye.

Mchungaji anasema amina. Kanda inakoroma.
Mahubiri yalikuwa mafupi kuliko kanda,
nimelijua hilo miaka yote
na miaka yote nimepata kazi nyingine ya kufanya.
Zimebaki sekunde kumi na moja, za Nsimire:
"...kaptula ya kijani, meno mawili ya mbele hana,
anasema jina lake ni..."
na hapo mvua ya Kadutu inapita kwenye trei za mayai,
na sauti nyembamba, mbali na maikrofoni,
inamsahihisha.

Namwezi ananiuliza aandike nini kwenye lebo.
Andika "mvua", namwambia.
Tarehe iache.